Padri Damien wa Molokai

Watoto wapenzi, siku ya furaha kila mtu anajua kusali. Mavuno yakiwa mengi, mtoto akizaliwa, mgonjwa akipona, twaimba kanisani kwa sauti kubwa. Lakini siku ya taabu ulimi huwa mzito. Twasali, wala hatuoni jibu. Ndipo imani ya mtu inapopimwa, kama vile dhahabu inavyopimwa motoni. Leo tutasoma maisha ya padri mmoja aliyekaa miaka 16 katikati ya wagonjwa na makaburi. Yeye mwenyewe aliugua, akaomba, asiponywe. Wala hakuacha kusali.

1. Mtoto wa mkulima

Katika Ubelgiji, nchi walikotoka wamisionari wengi walioleta Injili katika Kongo, kuna kijiji kiitwacho Tremelo. Huko, tarehe 3 Januari 1840, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Jozef. Baba yake, Frans De Veuster, alikuwa mkulima na mfanyabiashara wa nafaka. Watoto walikuwa wengi nyumbani, na kazi zilikuwa nyingi vilevile. Jozef akakua mwenye mwili wa nguvu. Alijua kulima, kuchunga, kupiga nyundo na kushika msumeno. Hakujua bado kwamba Mungu alikuwa akiitayarisha mikono yake kwa kazi nyingine.

Jamaa yake walikuwa watu wa sala. Dada zake wawili waliingia utawa, na kaka yake Auguste akaingia katika Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yezu na Maria, mjini Leuven, akapewa jina la Pamphile. Baba alitaka Jozef aishike biashara ya nafaka. Kwa hiyo alimpeleka shuleni mbali kidogo na nyumbani ajifunze Kifaransa. Lakini huko shuleni kijana alisikia moyoni kwamba Mungu anamwita. Mwanzoni mwa mwaka wa 1859 alimfuata kaka yake utawani, akapewa jina la Damien.

Wakubwa walifikiri kwamba hawezi kuwa padri, kwa sababu hakujua Kilatini. Akawekwa miongoni mwa mabruda wa kazi za mikono. Damien hakununa. Alifanya kazi aliyopewa, na saa za mapumziko Pamphile alimfundisha maneno ya Kilatini, leo machache, kesho machache. Kisha wakubwa wakashangaa kuona jinsi alivyoendelea, wakamruhusu asome masomo ya upadri.

Tarehe 7 Oktoba 1860, mjini Paris, alitoa nadhiri zake. Siku hiyo, kwa desturi ya shirika lake, alilala kifudifudi kanisani, akafunikwa kitambaa cheusi cha maiti. Maana yake ilikuwa hii: mtu huyu amejitoa kabisa kwa Mungu, maisha yake si mali yake tena. Watu wengi hutoa ahadi kubwa siku moja, na kesho yake wanaisahau. Damien hakukisahau kitambaa kile.

2. Safari ya miezi mitano

Mwaka wa 1863 Pamphile alichaguliwa kwenda kuwa mmisionari katika visiwa vya Hawaii, vilivyo katikati ya bahari kuu ya Pasifiki. Wakati ule Hawaii ilikuwa ufalme wenye mfalme wake. Leo ni sehemu ya Marekani. Nauli ilikuwa imekwisha kulipwa. Lakini ugonjwa wa homa ulienea mjini, Pamphile akauguza wengine, naye akaangushwa kitandani. Hakuweza kusafiri. Damien, aliyekuwa hajawa padri bado, aliandika barua kwa mkubwa wa shirika huko Paris, akaomba aende badala ya kaka yake. Akakubaliwa.

Aliwaaga wazazi wake. Yeye na mama yake hawakuonana tena hapa duniani.

Mwishoni mwa mwaka ule alipanda merikebu katika bandari ya Bremerhaven, katika Ujerumani. Safari ilichukua karibu miezi mitano, kwa sababu merikebu ilikwenda kwa matanga, tena ilibidi kuzunguka ncha ya kusini ya Amerika, mahali penye dhoruba kali. Tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, aliteremka Honolulu. Tarehe 21 Mei ya mwaka huohuo alipadirishwa.

Kwa muda wa miaka tisa hivi alifanya kazi katika kisiwa kikubwa cha Hawaii. Alijifunza lugha ya wenyeji. Alipanda milima, akavuka mabonde, akabeba altare ndogo ya safari na nyundo ya seremala. Penye Wakristo, alijenga nao kanisa la mbao. Lakini kila mwaka aliona jambo moja la kuhuzunisha. Askari walikuja vijijini, wakachukua watu, na watu wale hawakurudi tena.

3. Nchi ya watu waliotengwa

Ugonjwa wa ukoma ulikuwa umeingia katika visiwa vile. Dawa haikuwako. Watu waliogopa, na mwaka wa 1865 serikali ya mfalme iliweka sheria kwamba wenye ukoma watengwe. Kuanzia mwaka wa 1866 walipelekwa katika kisiwa cha Molokai, kwenye rasi moja iliyozungukwa na bahari pande tatu. Upande wa nne ni ukuta wa mlima unaokwenda juu mamia ya mita. Mbele maji, nyuma jiwe. Mtu aliyeshushwa pale hakuwa na njia ya kutoka.

Mume alinyang'anywa mkewe, mama alinyang'anywa mtoto wake. Ndiyo sababu wenyeji waliuita ukoma ugonjwa wa kutenganisha. Wengine wenye mapendo makubwa, ingawa walikuwa wazima, walikubali kuwafuata ndugu zao wagonjwa ili kuwatunza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mahali pale, Kalawao, maisha yalikuwa magumu sana. Vibanda vilikuwa vya majani, vyenye unyevu na giza. Maji yalikuwa mbali, na mtu asiye na vidole aliwezaje kubeba ndoo? Chakula hakikutosha. Wengi walikata tamaa, wakanywa pombe kali waliyoipika kwa mizizi, wakafanya mabaya waziwazi. Walisema kwamba mahali pale hapana sheria. Mwenye nguvu alimnyang'anya dhaifu. Aliyekufa alizikwa karibu na uso wa nchi, nguruwe na mbwa wakafukua.

Katika mwezi wa Mei 1873 Askofu Louis Maigret alikutana na mapadri wake katika kisiwa cha Maui. Aliwaambia kwamba Wakristo wa Molokai wanaomba padri, lakini hataki kumwamuru mtu yeyote kwenda, kwa maana kwenda huko ni kama kwenda kufa. Mapadri wanne wakajitoa. Wakapatana kwamba watapokezana, kila mmoja kwa majuma machache. Damien akawa wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Tarehe 10 Mei 1873 alifika pamoja na Askofu, katika merikebu iliyopakia wagonjwa na ng'ombe. Hakuwa na mizigo mingi. Hapakuwa na nyumba ya padri, ila kanisa dogo la mbao la Mtakatifu Filomena. Usiku alilala chini ya mti karibu na kanisa. Siku chache baadaye aliandika kwa wakubwa wake akiomba abaki daima. Wale wengine watatu hawakuhitaji kuja kushika zamu.

4. Mikono ya seremala

Padri Damien alianza na wagonjwa waliokuwa karibu na kufa. Aliingia katika kila kibanda. Mwanzoni harufu ya vidonda ilimshinda, akalazimika kutoka nje kuvuta pumzi. Ndipo akaanza kuvuta kiko, ili moshi wa tumbako ufunike ile harufu. Msifikiri, watoto, kwamba watakatifu hawakusikia kinyaa. Walisikia kama sisi. Tofauti ni kwamba walitoka nje, wakavuta pumzi, wakarudi ndani.

Aliosha vidonda, akafunga vitambaa, akala pamoja na wagonjwa. Hakuuliza mgonjwa ni wa dini gani. Katika mahubiri hakusema habari za wakoma kama watu wengine walio mbali naye. Alijihesabu pamoja nao, akisema habari za sisi wote.

Tena alishika nyundo yake ya zamani. Alitengeneza masanduku ya maiti na kuchimba makaburi, ili kila mtu azikwe kama mtu. Alizungusha ua kwenye makaburi. Aliomba mabomba kwa serikali, na pamoja na wagonjwa waliokuwa na nguvu bado akayalaza kutoka kwenye chemchemi ya bondeni, maji safi yakafika kijijini. Mwaka wa 1874 upepo mkali uliangusha vibanda vingi vya majani. Damien hakukaa kulia. Aliomba mbao, akajenga na wagonjwa nyumba zilizoinuliwa juu ya ardhi ili unyevu usiingie, wakazipaka chokaa nyeupe. Alijenga nyumba za watoto yatima, za wavulana mbali na za wasichana mbali. Aliwafundisha watu kulima bustani. Aliwakusanya waimbaji, akaanzisha bendi ya muziki.

Katika kanisa wagonjwa wengine walitoka mate daima, nao waliona haya, wakabaki nje. Padri akatoboa matundu katika sakafu ya mbao, ili wateme mate humo bila haya, na wasikose Misa. Ni jambo dogo, lakini mapendo hujulikana kwa mambo madogo.

Pole pole kijiji kikabadilika. Wagonjwa waliokuwa wakipigana walianza kusaidiana. Mwaka wa 1879 waliweka desturi ya kuabudu Ukaristia kwa zamu, mchana na usiku. Aliyeshindwa kutembea alishika zamu yake kitandani, akisali humo kibandani mwake. Ukoma uliwanyang'anya vidole na miguu. Sala haukuweza kuinyang'anya.

5. Maungamo katika mashua

Lakini yule aliyewafariji wote, yeye mwenyewe alikuwa na haja ya kufarijiwa. Padri huungama dhambi zake kwa padri mwenzake. Damien alikuwa peke yake. Na serikali ilikuwa imetoa amri kali: aliyeingia mahali pa wakoma asitoke.

Siku moja, katika mwaka uleule wa kwanza, merikebu ilitia nanga karibu na Molokai, na ndani yake alikuwamo mkubwa wa shirika lake. Damien akafurahi, akaingia katika mashua, akapiga makasia. Alipofika karibu, kapiteni akamkataza kupanda. Na yule padri naye akakatazwa kushuka. Damien afanye nini? Alisimama katika mashua, mawimbi yakimtikisa, akainua uso wake, akaungama dhambi zake kwa sauti kubwa. Alitumia Kifaransa ili wengi wasielewe. Yule padri, akiegemea ukingo wa merikebu, akamwondolea dhambi. Kisha Damien akageuza mashua, akarudi kwa watu wake.

Watoto, sisi huona haya kuungama mahali pa siri, penye sikio la padri peke yake. Tumkumbuke mtu yule katika mashua.

Baadaye amri ile ililegezwa kidogo. Katika miaka iliyofuata mapadri wengine wawili walikuja Molokai kwa nyakati mbalimbali, lakini hawakukaa siku zote, wala hawakupatana naye siku zote. Tusifiche jambo hili: Damien alikuwa mwenye hasira ya haraka na kichwa kigumu. Akitaka mbao kwa ajili ya wagonjwa, aliomba leo, akaomba kesho, akaomba kesho kutwa, mpaka watu wa serikali wakachoka naye. Hata baadhi ya wakubwa wake walimwona msumbufu. Mungu hachagui watu wasio na kilema chochote. Huwachukua kama walivyo, na kuwatengeneza kazini.

6. Maji ya moto

Mwaka wa 1873, mwaka ule Damien alipofika Molokai, daktari mmoja wa nchi ya Norwe, Gerhard Armauer Hansen, aliona kwa hadubini vijidudu vinavyoleta ukoma. Basi chanzo cha ugonjwa kilijulikana. Lakini dawa ilikuwa bado, na miaka mingi ilipaswa kupita.

Jioni moja mwishoni mwa mwaka wa 1884, Damien alikuwa amechoka kwa safari. Miguu ilimuuma. Akatia maji ya moto katika beseni, akaingiza miguu. Ngozi ikababuka, ikafanya malengelenge, naye hakusikia maumivu yoyote. Akatazama miguu yake, akaelewa. Alikuwa amewatunza wakoma miaka 11. Alijua vizuri kwamba ugonjwa huu huua kwanza kusikia kwa ngozi. Mwaka wa 1885 daktari alimpima, akahakikisha kwamba Padri Damien ana ukoma.

Alikuwa na umri wa miaka 45. Sasa lile neno la mahubiri, la kusema sisi, likawa kweli katika mwili wake pia.

Je, hakuhuzunika? Alihuzunika. Je, hakutaka kupona? Alitaka. Mwaka wa 1886 alikwenda Honolulu, akajaribu matibabu ya kuoga katika maji yenye dawa yaliyofundishwa na daktari wa Japani. Alipata nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukaendelea. Akarudi Molokai kazini. Kumtumaini Mungu si kukataa dawa. Mwenye imani hutafuta dawa na kusali, na dawa ikishindwa, haachi kusali.

7. Miaka ya giza

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kuliko yote. Kutoka mwaka wa 1885 alibaki padri wa peke yake. Wakubwa hawakupenda aje Honolulu, kwa maana waliogopa ugonjwa wake. Hakupata wa kumwungamisha kwa muda mrefu. Basi alipiga magoti mbele ya tabernakulo, akaungama kwa Yezu mwenyewe. Mwaka wa 1886 mama yake alikufa katika Ubelgiji. Mwanawe hakuweza kumzika. Habari za kazi yake zilienea, watu wa Uingereza wakachanga feza kwa ajili ya wagonjwa wake. Hata hilo lilimletea taabu, kwa sababu wengine walinung'unika kwamba anajitafutia sifa. Tena wako waliomsingizia kwamba aliupata ukoma kwa maisha machafu.

Uso wake ukavimba, masikio yakaharibika, sauti ikakauka, mkono mmoja ukafungwa kitambaa. Nyakati nyingine alikuwa na huzuni nyingi rohoni, hata akajiona hastahili mbinguni.

Hapa tusimame kidogo. Mtoto mmoja ataniuliza: mbona Mungu hakumponya, mtu aliyemtumikia hivi? Swali hili ni la haki, na wakubwa pia huliuliza penye kaburi la mtoto wao. Hatuwezi kuzijua njia zote za Mungu. Lakini twajua jambo moja. Mungu hakumwondoa hata Mwana wake msalabani. Alikaa naye katika mauti, akamfufua siku ya tatu. Damien alilishika jambo hilo. Kila asubuhi alisoma Misa, hata vidole vilipokuwa vizito kushika kikombe. Kisha alikwenda kupanda juu ya paa la kanisa, kwa maana alikuwa akilijenga kubwa zaidi. Kwake imani haikuwa kuona nuru kila siku. Imani ilikuwa kuamka gizani na kufanya kazi ya siku ile.

Mungu, ambaye hakumponya, alimletea wenzake. Mwaka wa 1886 alikuja Joseph Dutton, Mmarekani aliyekuwa askari zamani. Alikuja kuwatumikia wagonjwa bila mshahara, akabaki huko zaidi ya miaka 40. Mwaka wa 1888 alikuja Padri Lambert Conrardy, Mbelgiji, na baada yake padri mwingine wa shirika lake. Na mwezi wa Novemba wa mwaka huo walifika masista Wafransisko pamoja na mkubwa wao, Mama Marianne Cope. Watoto yatima wa Damien wakapata akina mama.

8. Juma Takatifu

Mwezi wa Machi 1889 Damien alishindwa kusimama. Miaka mingi alikuwa amelala chini juu ya mkeka. Sasa wenzake walimlazimisha kukubali kitanda. Aliungama, akapokea sakramenti za mwisho. Aliwashukuru wote. Alisema kwamba wagonjwa wamepata mapadri na masista, basi yeye hahitajiwi tena, na kwamba atafanya Pasaka pamoja na Bwana mbinguni.

Alikufa tarehe 15 Aprili 1889, Siku ya Kwanza ya Juma Takatifu, asubuhi. Umri wake ulikuwa miaka 49. Wagonjwa walimbeba, wakamzika karibu na kanisa, chini ya mti uleule aliolala siku alipofika.

Masingizio hayakufa pamoja naye. Lakini majuma machache baadaye mwandishi mashuhuri wa Skotlandi, Robert Louis Stevenson, ambaye hakuwa Mkatoliki, alifika Molokai, akawasikiliza watu, akaona kazi iliyofanyika. Mwaka wa 1890 aliandika barua kali mbele ya watu wote kumtetea Damien, na barua hiyo ikasomwa katika nchi nyingi. Mwaka wa 1895 Pamphile, yule kaka aliyeshindwa kusafiri kwa ugonjwa, akaenda naye kufanya kazi Molokai kwa muda.

Mwaka wa 1936 mwili wa Damien ulirudishwa Ubelgiji, mfalme akaja bandarini Antwerpen kuupokea. Umelazwa Leuven, mji ule alikojifunza Kilatini. Mwaka wa 1995 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri, na mkono wake wa kuume ukarudishwa Molokai kaburini, kwa watu aliowafunga vidonda. Tarehe 11 Oktoba 2009 Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mtakatifu. Sikukuu yake ni tarehe 10 Mei, siku aliyofika Molokai.

Na ukoma? Katika miaka ya 1940 dawa ya kweli ilianza kutumika, na mwaka wa 1969 sheria ya kuwatenga wagonjwa iliondolewa katika Hawaii. Watu kama 8,000 walikuwa wamepelekwa Molokai tangu mwanzo. Leo ukoma unapona kabisa, na dawa zake hutolewa bila malipo. Lakini bado haujakwisha, hata katika Kongo. Ukiona katika ngozi yako doa lisilosikia kuguswa wala kuchomwa, usilifiche kwa haya. Mwambie mzazi au mwalimu, uende hospitalini mapema. Na ukimwona mtu mwenye mikono iliyoharibiwa na ukoma, usimkimbie wala kumcheka. Msalimu kwa jina lake.

Watoto wapenzi, labda kwenu kuna njaa, au ugonjwa, au baba hayupo. Labda mmesali, na taabu ingali pale. Msifikiri kwamba Mungu amewatupa. Mkumbuke mtu wa Molokai. Aliomba kupona asipone. Lakini watu wengi walipata maji, nyumba, kaburi la heshima na tumaini, kwa sababu yeye hakuacha kusali wala kushika nyundo yake. Fanyeni vivyo hivyo: salini asubuhi, kisha mmsaidie aliye na taabu kuliko ninyi.

Maswali

1. Damien alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Kwa nini alikwenda Hawaii badala ya kaka yake?
3. Watu wa Hawaii waliuitaje ugonjwa wa ukoma, na kwa sababu gani?
4. Taja kazi tano ambazo Padri Damien alizifanya kwa mikono yake huko Kalawao.
5. Damien alijuaje kwamba ameupata ukoma?
6. Mungu hakumponya Damien. Je, alimwacha? Eleza jibu lako.
7. Katika kijiji chenu, ni nani anayetengwa na watu? Wewe unaweza kumfanyia nini juma hili?